Uzi: Mzee amegeuza usiku mchana, akili yaja yaenda. Ni ini au ni uzee? Na ni kemikali gani hasa?

#1 Mtepe_wa_Pate
Asalaam aleikum wanajukwaa. Hoja yangu ni hii, na mnipinge. Hapa Lamu mzee akianza kulala mchana na kukesha usiku, akatia chumvi kwenye chai na kusahau mlango wa choo ni upi, husemwa mambo matatu: uzee, jini, au sukari. Ini halitajwi mpaka macho yawe manjano na tumbo lijae maji. Hospitalini nako jibu huwa moja tu, "amonia imepanda kichwani", yaani ile taka ya protini ambayo ini huisafisha damuni. Mimi nadai amonia peke yake haielezi. Mtu ana amonia 120 na yuwazungumza vizuri, mwenziwe ana 80 na haamki. Kama sumu ni moja, mbona kipimo hakifuatani na hali? Kemikali gani nyingine za ubongo zimo? Wenye ujuzi, ukumbi wenu.

#2 Nesi_Faza
Waaleikum salaam. Kabla ya nadharia, sukari kwanza, tone la kidoleni. Ini lililochoka haliweki akiba ya sukari, na mgonjwa wa sirosisi (ini lililojaa makovu) aliyelala na njaa anaweza kuamka sukari imeshuka hadi 2.1 akaonekana amepandwa na pepo. Ukishapima, tafuta malaria, jeraha la kichwa (hawa huanguka, na damu yao haigandi vizuri, kwa hivyo damu chini ya fuvu ni jambo la kweli), usaha tumboni, chumvi ya damu.

Halafu mikono. Mwambie anyooshe mikono mbele, akunje vifundo kwenda juu kama anayesimamisha gari, vidole viachane, macho afumbe. Hesabu sekunde 30. Usitazame mtetemeko mdogo wa haraka. Kinachotafutwa ni kiganja kuanguka ghafla na kurudi, kama bawa la ndege aliyechoka. Adams na Foley waliieleza mwaka 1949. Aliye kwenye koma hana dalili hii, kwa hivyo msije mkasema "mikono haipepei, basi si ini".

#3 Maabara_ya_Amu
Bi Nesi umesema kweli, ila hiyo dalili si ya ini pekee. Figo zikifeli mikono hupepea, na mwenye mapafu mabovu aliyejaa kaboni dayoksaidi pia.

Sasa nije kwa Mtepe. Kabla hatujailaumu amonia, tuulize ilipimwaje. Damu ya amonia haisubiri. Chembe za damu huendelea kuitengeneza ndani ya chupa. Kamba ya mkono isikazwe muda mrefu, mgonjwa asikunje ngumi, chupa ya kifuniko cha zambarau ijazwe na izibwe vizuri, iingie kwenye barafu papo hapo, na iwe maabara ndani ya dakika 15 hivi. Sasa nitoleeni sampuli Kizingitini, ipande boti mpaka Amu, ivuke Mokowe, ipande basi kwenda Mombasa. Hata ukiifungia kwenye barafu ya samaki, nambari itakayotoka ni ya safari, si ya mgonjwa.

Faida ya kipimo hiki ni moja: kikitoka cha kawaida kwa mtu aliyechanganyikiwa, rudi ukatafute sababu nyingine. Kutumia nambari kupanga daraja la ugonjwa au kuamua dozi ni kupoteza barafu.

#4 Mfamasia_Mkomani
Nimkubalie Mtepe nusu. Amonia haitoshi, lakini bila amonia hadithi haianzi.

Kisa kilianza na mbwa. Mwaka 1877 Nikolai Eck alibuni upasuaji wa kuunganisha mshipa mkubwa wa utumbo moja kwa moja na mshipa wa kurudi moyoni, damu ikakwepa ini. Mwaka 1893 kundi la Pavlov na Nencki huko St. Petersburg likawalisha mbwa wa namna hiyo nyama, nao wakawa wakali, wakayumba, wakaangukia koma. Ini lao lilikuwa zima. Damu ndiyo haikupita humo. Ndiyo sababu mwenye sirosisi hupata shida hii kwa njia mbili: seli chache za kufanya kazi, na vichochoro vya damu vinavyolizunguka ini.

Ndani ya ubongo, kimeng'enya cha kugeuza amonia kuwa glutamini kimo karibu chote kwenye astrosaiti, zile seli za nyota zinazolea neva. Amonia ikiingia, astrosaiti huibana pamoja na glutameti na kuifanya glutamini. Glutamini huvuta maji, seli huvimba. Ikivimba polepole kwa miezi, seli hutoa nje chembe nyingine kama mayoinositoli ili kusawazisha, na mtu hubaki mzito wa akili tu. Ikivimba kwa siku mbili, kama kwa ini lililokufa ghafla, hakuna nafasi ya kusawazisha na ubongo hubanwa na fuvu. Hapo ndipo amonia ya ateri inayopita 150 mpaka 200 inatisha kweli.

Na tazameni glutameti. Ni nyurotransmita, kijumbe kikuu cha kuamsha ubongo. Astrosaiti mgonjwa hashindwi na maji tu, hushindwa pia kuzoa glutameti iliyomwagwa kati ya neva. Kwa hivyo hata ukianza na amonia, unaishia kwenye vijumbe.

#5 Kijana_wa_Shela
Kwa hivyo mzee asile nyama? Mbwa wameshatoa ushahidi.

#6 Mlo_na_Dawa
Kijana, hapo ndipo watu wanapowaua wazee wao kwa huruma. Msuli nao husafisha amonia, una kimeng'enya kile kile. Ukimnyima protini mwili unakula msuli, na msuli ukiisha amonia inapoteza kinu cha pili. Mwaka 2004 lilichapishwa jaribio Hispania: wagonjwa waliokuwa wamezidiwa, kundi moja likabaniwa protini, jingine likala kawaida. Waliobaniwa hawakupona haraka zaidi, na miili yao ndiyo iliyovunjika zaidi.

Hesabu ni gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 ni gramu 72 mpaka 90. Bila kununua chochote cha ajabu: kikombe cha mbaazi zilizopikwa asubuhi (11 hivi), samaki wa gramu 150 mchana (kama 33), vikombe viwili vya maziwa (16), yai (6), kikombe cha dengu usiku (18). Jumla 84. Mbaazi na dengu zina ufumwele unaolainisha choo, kwa hivyo huvumiliwa vizuri kuliko nyama nyekundu. Mwenye maji tumboni awache ng'onda na papa mkavu, kwa sababu ya chumvi tu, samaki hana kosa.

La pili ni njaa ya usiku. Ini zima hukesha na akiba, ini bovu baada ya saa kumi bila chakula limeshaanza kuchoma msuli. Ampe kitu cha wanga karibu na kulala, gramu 50 hivi: bakuli la uji na tende mbili tatu. Kwa lugha yetu, huyu anahitaji daku mwaka mzima. Na kwa Ramadhani, saa kumi na tatu za funga kwa mtu aliyewahi kuchanganyikiwa kwa ini ni hatari. Ruhusa ya mgonjwa ipo, aitumie.

#7 Kalamu_ya_Mwanzi
Mlo amemaliza. Mimi nawaletea nadharia iliyosahaulika, ile ya vijumbe bandia. Fischer na Baldessarini, 1971. Walisema hivi: amino asidi zenye pete, yaani fenilalanini na tairosini, kwa kawaida huvunjwa na ini. Ini likifeli hujaa kwenye damu, wakati zile zenye matawi (lusini, isolusini, valini) huliwa na msuli na kupungua. Zote hugombea mlango mmoja wa kuingia ubongoni. Zenye pete zinashinda. Ndani, badala ya kutengenezwa dopamini na noradrenalini za kutosha, inatokea oktopamini, ambayo inakaa kwenye kiti cha noradrenalini na haifanyi kazi. Neva inapiga hodi, mlango unafunguliwa, hakuna aliyeingia.

Hii inaeleza uzito wa mwendo, uso mkavu, na kwa nini ini na damu kushuka presha huja pamoja.

#8 Mfamasia_Mkomani
Shekhe Kalamu, nzuri kusikiliza, lakini ilipimwa ikapwaya. Panya waliingiziwa oktopamini moja kwa moja kwenye ubongo mpaka dopamini na noradrenalini zikashuka vibaya, na hawakuangukia koma. Levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa tangu mwaka 1970, ikaamsha wachache, halafu majaribio yaliyopangwa vizuri hayakuona faida. Kilichobaki ni zile amino asidi za matawi: kuzinywa husaidia dalili za ubongo kwa baadhi ya wagonjwa, na huenda zinasaidia kwa kulisha msuli. Hazihitaji nadharia ya oktopamini.

#9 Kalamu_ya_Mwanzi
Kupwaya si kufa. Mwendo mzito wa dopamini huo upo, mtu yeyote anayewapima huuona.

#10 Dau_la_Malindi
Kalamu, mwendo mzito una mshukiwa mwingine: manganizi. Madini haya hutoka mwilini kupitia nyongo. Nyongo isipotoka vizuri na damu ikakwepa ini, manganizi hujilundika kwenye kiini cha ndani cha ubongo kiitwacho globasi palidasi. Kwenye picha ya MRI ya T1 sehemu hiyo hung'aa nyeupe pande zote mbili. Mgonjwa anatembea kama mwenye Parkinsoni, ila mtetemeko mara nyingi ni wa pande zote mbili na hali huenda kasi. Mweupe huo peke yake hautoshi kutoa hukumu, wengi wenye sirosisi wanao na akili zao ziko sawa.

#11 Bi_Usiku
Nimewasoma nyote mnaruka kitu kinachoonekana kwa macho: usingizi. Ubongo huu haukuchangamka, umezimwa. Mzimaji mkuu wa ubongo ni GABA, na mwaka 1982 Schafer na Jones walisema GABA ya utumbo inapenya mpaka kichwani. Waliopima ubongo wa waliokufa hawakukuta GABA imezidi. Kosa lilikuwa kutafuta kijumbe chenyewe, wakati kinachoongezeka ni wasaidizi wake. Amonia na manganizi huamsha protini ya TSPO kwenye mitokondria za astrosaiti, nayo hufungua njia ya kutengeneza nyurosteroidi, steroidi za humo humo ubongoni. Mojawapo, alopregnanoloni, imekutwa nyingi kwenye ubongo wa waliokufa na koma ya ini. Hiyo hukalia kipokezi cha GABA na kukifanya kisikie mno. Sauti haikuongezwa, sikio ndilo lililochongwa.

Ndiyo sababu nasema kwa herufi kubwa: MGONJWA WA INI ANAYEPIGA KELELE USIKU ASIDUNGWE DAYAZEPAMU. Inakalia kipokezi hicho hicho, na kwa ini bovu muda wake wa kukaa mwilini huwa maradufu au zaidi. Alidungwa Jumatatu, Alhamisi bado analala, na watu wanasema ugonjwa umezidi. Tramadoli na mofini nazo asipewe, na hata dawa za mafua za dukani zile zinazoleta usingizi. Akiwa hatari kwake na kwa wengine, haloperidoli kidogo ni afadhali, huku sababu ikitafutwa.

#12 Mtepe_wa_Pate
Bi Usiku, shukran. Sasa kama ni kipokezi, flumazenili inayozuia benzodiazepini (jamii ya dayazepamu) haiwaamshi?

#13 Bi_Usiku
Huwaamsha baadhi, dakika chache, halafu wanarudi. Imejaribiwa sana: hali ya akili hupanda kwa muda, vifo havipungui. Wapo waliokutwa na vitu vya jamii ya benzodiazepini damuni bila kumeza kidonge, lakini kidogo, na si wote. Kazi yake halisi ni pale unapojua au unashuku mtu kapewa dayazepamu.

#14 Nesi_Faza
Nadharia nne sasa, na bado hakuna aliyetaja choo. Mzee hajaenda siku nne, nyinyi mko kwenye mitokondria.

Laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 ina gramu 10. Aliyechanganyikiwa: mililita 30 mpaka 45 kila saa moja au mbili mpaka apate choo, kisha punguza iwe 15 mpaka 30 mara mbili au tatu kwa siku. Lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Hesabu ni ya choo, si ya kijiko. Watu huambiwa "kijiko kimoja asubuhi na jioni" na wanabaki hapo hapo mwezi mzima bila choo.

Asiyeweza kumeza, msimnyweshe kwa nguvu, itaingia mapafuni. Changanya mililita 300 za laktulosi na 700 za maji ya vuguvugu, ingiza kwa nyuma, alale ubavu wa kushoto, zikae dakika 30 mpaka 60.

Ni tamu ya kuudhi na hujaza gesi. Ndimu na maji baridi husaidia.

#15 Maabara_ya_Amu
Niongeze upande wa kuzidisha. Akiharisha mara 6, maji na potasiamu vinakwenda, na potasiamu ikishuka figo zenyewe hutengeneza amonia zaidi. Damu nayo huelekea ualkali, amonia hugeuka umbo linalopenya ubongo kwa urahisi. Dawa ile ile inarudisha ugonjwa ule ule, na nyumbani wanaona "dawa imeacha kufanya kazi" wanaongeza. Furosemidi ya kutoa maji ikiongezwa juu yake, ndio basi. Mgonjwa kama huyu apimwe potasiamu na sodiamu kabla ya kitu kingine.

#16 Mfamasia_Mkomani
Na wengi wanaeleza laktulosi kwa sababu moja tu, kwamba bakteria huichachua ikawa asidi na asidi inainasa amonia utumboni isipenye. Ni kweli, lakini amonia haitoki kwa bakteria pekee. Ukuta wa utumbo mdogo wenyewe huvunja glutamini na kutoa amonia. Wanyama waliolelewa bila bakteria kabisa, damu yao ikikwepeshwa ini, amonia hupanda vilevile.

Ndiyo maana antibayotiki husaidia na haimalizi. Rifaksimini miligramu 550 mara mbili kwa siku: jaribio la mwaka 2010 lenye watu 299, miezi 6, waliorudiwa na kuchanganyikiwa walikuwa 22.1% dhidi ya 45.9% kwa waliopewa kidonge tupu, na zaidi ya 90% walikuwa pia kwenye laktulosi. Tatizo ni bei. Neomisini ya zamani huharibu masikio na figo, na metronidazoli ikiendelea kwa wiki nyingi hufa ganzi miguu.

#17 Kijana_wa_Shela
Na je, muguka? Mtu anatafuna usiku mchana analala. Huyo naye ini?

#18 Dau_la_Malindi
Swali zuri kuliko ulivyokusudia, kijana. Kathinoni ya miraa na muguka humwaga dopamini, kwa hivyo humfunika mgonjwa: usingizi wa ini hauonekani mpaka aache. Na aliyeacha ghafla hulala siku mbili tatu bila ini kuwa na kosa. Mikono ya Nesi (#2) ndiyo inatenganisha, aliyeacha muguka hapepei. Kando ya hayo, kuna ripoti za watafunaji wenye ini kuvimba bila virusi wala pombe, hali ikapoa walipoacha na kurudi waliporudi.

#19 Kalamu_ya_Mwanzi
Mwenzetu wa Malindi atuambie na mnazi basi, au huko haunywewi?

#20 Dau_la_Malindi
Hunywewa, na Amu hunywewa mkifunga madirisha. Tuendelee.

#21 Tabibu_Msafiri
Nirudi kwa kichwa cha uzi, uzee au ini. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa maaskari wastaafu wa Marekani walioandikiwa shida ya akili ya uzeeni, watu 177,422, wote bila kuandikiwa sirosisi. Asilimia 10.3 kati yao walikuwa na alama ya FIB-4 inayopita 2.67, yaani ini lenye makovu mengi lilishukiwa na hakuna aliyeliangalia.

FIB-4 haihitaji mashine mpya, AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa damuni. Umri mara AST, gawanya kwa (chembe sahani mara kipeo cha pili cha ALT, yaani namba ile ya mzizi). Mfano: umri 68, AST 80, sahani 90, ALT 49. Mzizi wa 49 ni 7. 68 × 80 = 5440. 90 × 7 = 630. 5440 ÷ 630 = 8.6. Huyu kabla ya kuitwa "mzee amechakaa" anastahili picha ya ini na kipimo cha homa ya ini aina ya B na C.

#22 Maabara_ya_Amu
Marekebisho mawili, tabibu. "Kipeo cha pili" ni kuzidisha namba kwa yenyewe. Ulichokifanya kwenye mfano ni kipeuo cha pili, mzizi, na mfano ni sahihi. Herufi moja, wasomaji wasije wakaweka 49 × 49. La pili, umri umo ndani ya kanuni, kwa hivyo kila mzee anapandishwa na miaka yake. Kwa waliopita 65 mpaka wa chini husogezwa kutoka 1.3 hadi 2.0. Na malaria kali hushusha sahani, msipime FIB-4 wiki ya homa.

#23 Tabibu_Msafiri
Nimepokea, ahsante. Kipeuo.

#24 Mtepe_wa_Pate
Wakishatibiwa, akili hurudi yote?

#25 Bi_Usiku
Kipindi kimoja, mara nyingi hurudi karibu yote ndani ya siku chache. Waliorudiwa mara nyingi hubaki na upungufu wa kujifunza jambo jipya hata wakionekana wazima. Zamani tuliambiwa hakiachi alama. Kinaacha. Na ruqya haina ugomvi na laktulosi, asomewe huku anakunywa. Kinachoua ni kumzingua siku tatu bila kupima sukari.

#26 Nesi_Faza
Kwa kumfuatilia nyumbani, mwambieni ataje wanyama kwa sekunde 60. Chini ya 10, amlete. Umri na shule huzingatiwa. Na fundi wa kofia aangaliwe mkono: akianza kukosea vitundu alivyovishona miaka arubaini, hiyo ni dalili kabla ya mdomo kukosea.

#27 Kijana_wa_Shela
Amu wote wataanza na punda wakwame hapo 😂

#28 Dau_la_Malindi
Mvuvi je? Nguru, changu, tasi, tafi, kolekole, pono, chewa, taa, papa, pweza, kaa, kamba. Kumi na mbili kabla hajavuta pumzi, na huenda ni yule yule aliyesahau mlango wa choo.

#29 Nesi_Faza
Samaki ni mnyama, ahesabiwe. Ila akisema "samaki" halafu "nguru", hilo la kwanza lifutwe. Kwa mvuvi mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita: aliyetaja 25 akishuka hadi 14, kuna jambo, hata kama amepita kumi.

#30 Kalamu_ya_Mwanzi
Kutaja majina kwa kasi ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, na sehemu hiyo inakula dopamini. Nasema tu.

#31 Mfamasia_Mkomani
Shekhe, lala salama na oktopamini yako.

#32 Mtepe_wa_Pate
Mmeleta glutamini, oktopamini, manganizi, nyurosteroidi na choo. Bado hamjaniambia kwa nini wa 120 yuwazungumza na wa 80 haamki.

#33 Maabara_ya_Amu
Tuanze na ile 120. Ilivuka bahari ngapi kabla ya kupimwa?